Ruhusa ya Yama

Lubumbashi, Bel-Air, tarehe 2 Machi 2025

Yaya Chishimba, kaka yangu,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Mimi niko, shule ninayofundisha iko, paa la jikoni bado linavuja. Barua hii atakuletea Mama Mbambu, yule Mnande anayevusha maharage mpakani Mokambo. Nimerudia kuandika kwa sababu kwa simu husikii, na jirani yako anayekushikia simu huyafupisha maneno yangu mpaka hayabaki kitu.

Ni juu ya mtoto. Kiki amemaliza chuo, ana diploma ya umeme na hana kazi. Asubuhi ananyoosha shati, analivaa, anakaa mlangoni. Tangu habari mbaya za mashariki zianze mwezi wa kwanza, magari yenye vipaza sauti yanapita hapa mtaani yakiita vijana waingie jeshini. Ngosa wa nyumba ya nyuma, rafiki yake tangu shule ya msingi, amekwisha kwenda. Gari likipita wakati wa chakula, Kiki anaacha kutafuna.

Naogopa, yaya. Nina mtoto mmoja tu na sitaki vita vimchukue.

Kuna kitu kimoja anachokipenda. Kuna klabu ya kulenga shabaha barabara ya Kasenga, alikwenda kuwatengenezea umeme, na mwalimu wao, Monsieur Clément, akamjaribisha. Ni mchezo, wanakimbia huku wakipiga kartoni, na mshindi ni mwenye shabaha na haraka. Wewe wanijua, silaha sizipendi hata kwenye picha. Lakini nimejiambia kwamba kijana akiwa na mashindano ya kungojea, hatayasikiliza magari yale.

Klabu inataka karatasi ya familia, na baada ya miezi mitatu kila mtu awe na bastola yake, inayolala kwenye sanduku la chuma la klabu. Clément alitaka saini yangu. Nimemweleza kwamba kwetu mtoto ni wa ndugu ya mama, ni wa Yama wake, na mimi siwezi kumtoa wala kumzuia bila wewe. Wewe unatunza uwanja wa shabaha wa wakulima huko Mufulira, upande wa Zambia, unazijua hizo bastola. Andika karatasi hiyo, na umsaidie kuchagua. Umfanye aupende mchezo, yaya, aupende kuliko kitu chochote.

Mdogo wako,
Marie-Thérèse Mwila


Mufulira, tarehe 12 Machi 2025

Mwipwa wangu Kiki,

Mama yako ameniandikia kurasa tatu, wewe hata salamu. Uvivu huo haukutoka upande wetu.

Nasikia unataka bastola. Kwanza, usinunue chochote. Kila kijana anayekuja hapa uwanjani ameshachagua bastola yake kwenye simu, kwa sababu ni nyeusi na inang'aa, na mwezi wa pili anatafuta mtu wa kumuuzia. Bastola ya kwanza haichaguliwi kwa macho. Mwombe Clément ujaribu zote walizo nazo, risasi ishirini kila moja, si zaidi, na kila jioni uandike jinsi mkono ulivyochoka na risasi zilikwenda wapi.

Pili, weka mkono wako wa kulia juu ya karatasi, vidole vimetanuka, mtu auzungushie kalamu. Niletee karatasi hiyo. Nataka kuona kama kidole chako kinaifikia triga ya kufyatulia bila mkono kuhama kwenye mpini. Wengi hapo ndipo wanapoanguka. Wananunua mpini mnene, kidole kinafika kwa kujinyoosha, risasi zote zinakwenda kushoto, halafu wanasema bastola imerogwa.

Tatu, kidole kinakaa nje ya triga mpaka macho yako yawe kwenye shabaha. Na mtutu usigeuke nyuma kamwe. Hapa kwetu mtu akigeuza mtutu anarudishwa nyumbani siku ileile, hata awe mwenyekiti wa klabu.

Karatasi ya familia hiyo hapa. Nimeiandika kwa namna ya wazee, maana fomu za klabu hazina adabu: "Mimi Chishimba, Yama wa Kiki, kwa jina la ukoo wa mama yake, ninamtoa mwipwa wangu ashike silaha. Kuanzia leo hakuna mtu wa ukoo atakayemzuia." Nimetia saini na kidole gumba pia. Clément akiisoma atajua umetoka kwa watu.

Yama wako,
Chishimba


Lubumbashi, tarehe 26 Machi 2025

Yama,

Nisamehe kwa salamu. Nilidhani zile za Mama zinatosha kwa nyumba nzima.

Nimejaribu nne, kama ulivyosema. Ya kwanza ni ndogo na nyepesi, unaweza kuificha mfukoni, lakini inapiga teke, na baada ya risasi kumi nilikuwa nafumba macho kabla ya mlio. Ya pili ni ya risasi sita za kuzunguka. Nzuri kuitazama, ila kila mtu ananisubiri nimalize kujaza. Ya tatu ni ya plastiki, mpya, ina taa nyekundu ya kulengea. Yama, ile ndiyo. Unaweka doa jekundu, unapiga, umemaliza. Ya nne ni ya zamani, chuma kitupu, nzito, vilengeo vya kawaida. Nilipoishika Clément alicheka: "Hii iko muzito kwa mukono yako, petit."

Karatasi ya mkono wangu imo humu. Mama ndiye aliyezungusha kalamu. Alisema nina vidole vyake.

Karatasi yako ya wazee imewashangaza. Clément aliisoma kwa sauti mbele ya wote na siku hiyo hakuna aliyeniita fundi umeme. Jumapili huja pia Commandant Dédé, askari, anapiga vizuri sana. Anakaa pembeni anatuangalia. Juzi aliniambia: "Kartoni hairudishake risasi. Utajua namna gani kama uko muzuri?" Wengine walicheka, mimi nikajaza risasi.

Nikakumbuka kwamba wewe unajua silaha kuliko watu wote wa familia, na sijui ulizijulia wapi. Mama anasema ulikuwa mgodini. Yama, umewahi kumlenga mtu?

Mwipwa wako,
Kiki


Mufulira, tarehe 5 Aprili 2025

Mwipwa wangu,

Nimeipima karatasi. Vidole vyako ni vifupi kweli, lakini kiganja ni kipana, na kiganja ndicho kinachobeba.

Chukua ya nne. Najua umekunja uso. Sikiliza basi. Ile taa nyekundu itakufundisha kuitafuta taa, na siku betri inapokufa unakuwa mgeni kwenye bastola yako mwenyewe. Anza na vilengeo vya kawaida mwaka mzima. Uzito unaoulalamikia ndio utakaolimeza teke, na risasi yako ya pili itakwenda karibu na ya kwanza. Ni ya milimita tisa, risasi zake zinapatikana Lubumbashi bila kuhangaika. Mpini wake ukiondolewa vile vibao vya pembeni na kuwekewa vyembamba, kidole chako kinafika. Mwambie Clément abadilishe vibao, asiguse kitu kingine.

Kisha nunua ala ngumu ya kiunoni inayofunika triga, na shajeri nne, yaani makasha manne ya risasi, kwa sababu ukiwa nazo mbili utakuwa unazijaza siku nzima badala ya kujifunza. Kila asubuhi klabuni, bastola ikiwa tupu na umeikagua mara mbili, uitoe kwenye ala mara hamsini polepole. Polepole, Kiki. Haraka itakuja yenyewe ikiona kuna utaratibu.

Huyo Commandant wako mwache na maneno yake. Mchezo ni mchezo. Na swali lako la mwisho ni la mtoto, silijibu. Masikio yangu yaliharibiwa na baruti za mgodini, hilo unalijua, na yaliyobaki ni kazi tu kama kazi nyingine. Tazama kilengeo cha mbele, ndicho kitu pekee cha kutazama.

Yama wako,
Chishimba


Lubumbashi, tarehe 18 Mei 2025

Yama,

Ulisema kweli kuhusu ya nne, na Clément amekubali mbele ya watu. Mama aliuza kiwanja kidogo cha Kasapa akainunua, hakutaka kuzungumza bei. Vibao vyembamba vimewekwa. Sasa nikiishika ni kama nimezaliwa nayo, na nikisema hivyo Mama anatoka chumbani.

Jumapili iliyopita nilishindana mara ya kwanza. Mizunguko mitano. Kipima muda kinalia, unatoa, unapiga kartoni mbili, unakimbia, unapiga sahani za chuma, unabadilisha shajeri huku miguu inakwenda. Kati ya kartoni za rangi ya udongo wanaweka nyeupe, hizo ni za watu wasio na hatia, ukizigusa wanakukata alama. Sikuigusa hata moja. Nimekuwa wa tatu kati ya kumi na tisa, Yama, mimi niliyeanza juzi. Commandant Dédé alinishika bega akasema mkono kama huu hutokea mara moja katika miaka kumi.

Nilikuwa na furaha mpaka nilipofika nyumbani. Mama yake Ngosa alikuwa uani kwetu amekaa chini. Ngosa ameuawa. Hawakumleta, wamepiga simu tu. Mama alikuwa anamshika mikono na mimi nilisimama pale na medali ya bati shingoni.

Ngosa alikuwa hawezi kumpiga hata njiwa kwa manati, unaelewa? Yeye alikwenda, na mimi ninayeweza natoboa kartoni barabara ya Kasenga. Nililala nikifikiri hilo, nikaamka nikilifikiri.

Nakuuliza tena, na safari hii mimi si mtoto. Umewahi kumlenga mtu? Inakuwaje? Ukiniambia ukweli nitakusikiliza. Sina mwingine wa kumwuliza, wengine wote wanaojua wanataka niende.

Kiki


Mufulira, tarehe 25 Mei 2025

Mwipwa wangu,

Pole sana kwa Ngosa. Nimeomboleza hapa peke yangu.

Hongera kwa nafasi ya tatu. Usiruhusu huzuni iharibu mazoezi, mkono husahau haraka. Nimeona umeandika kwamba unabadilisha shajeri ukikimbia. Angalia kiwiko kibaki karibu na mbavu.

Hayo mengine tutazungumza siku moja.

Chishimba


Lubumbashi, tarehe 30 Mei 2025

Yaya,

Mama Mbambu anavuka kesho, nimemsihi akuletee hii kabla hajashusha mzigo wake.

Kiki anaondoka Jumatatu tarehe 9 mwezi wa sita. Commandant Dédé amemwandikisha. Nilimwambia haendi. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, nimeshika miimo yote miwili. Akaenda chumbani akarudi na karatasi yako, ambayo Clément alikuwa amemrudishia. Hakunipigia kelele. Alisema: "Mama, Yama aliisha kutoa ruhusa. Wewe utakatala na nini?"

Nikaisoma. Ashike silaha. Hakuna mtu wa ukoo atakayemzuia. Mchezo hukuutaja, yaya, wala klabu, wala kartoni. Umeandika kama unamtoa kwenda vitani zamani za wazee. Nami ndiye niliyesema mbele ya watu wote kwamba mtoto ni wako. Sina neno la kuweka juu ya neno lako, na yeye anajua.

Nilimpigia jirani yako juzi mara mbili. Anasema alikuandikia yote kwenye ubao, kwamba Kiki anakwenda jeshini, na wewe ukatikisa kichwa ukasema utaandika. Kwa nini hukusema hapana palepale? Neno moja lilitosha.

Basi andika. Andika kwamba umeiondoa ruhusa. Yeye anakupenda na anakuamini, ukisema hapana atabaki, atakasirika mwaka mzima na atabaki. Siku kumi zipo. Nakuomba kwa magoti.

Marie-Thérèse


Mufulira, imeanzwa tarehe 4 Juni 2025

Kiki,

Naiondoa ruhusa niliyokupa. Hilo ni la kwanza, nimeliandika juu kabisa ulione hata ukiichana karatasi.

Ningeweza kuacha hapo, na asubuhi hii niliacha hapo, nikaipeleka kwa Mama Mbambu, halafu nikamwomba anirudishie. Nilijua utauliza kwa nini. Ukiuliza kwa nini na mimi sina jibu, utakwenda.

Tarehe 7. Mama Mbambu ameondoka jana bila barua. Nimechana karatasi nne.

Tarehe 10. Siku yako ya kuondoka ilikuwa jana, najua. Kama bado upo, leo ni lazima.

Sikuwahi kufanya kazi mgodini, hata siku moja. Nilikuwa askari. Mama yako alidhani nilikuja Zambia kutafuta kazi, na mimi nikamwacha adhani. Masikio yangu yaliharibiwa na bunduki.

Mwaka 2000, mwezi wa kumi na mbili, tulikuwa upande wa Pweto na tulishindwa. Kila mtu alikimbilia maji ili avuke aje huku. Kulikuwa na mtumbwi mmoja, sisi kumi na wawili ndani yake, na ulikuwa unaingia maji. Kijana wa kikosi chetu, Mwenya, wa Kasenga, miaka ishirini, alikuwa majini ameshika ukingo kwa mikono miwili. Alikuwa anasema jina langu. Kila akijivuta mtumbwi unalala. Wenzangu walinitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na bastola.

Umeuliza kama nimewahi kumlenga mtu. Sikulenga. Alikuwa karibu kiasi kwamba hapakuwa na haja. Nilifanya, na mtumbwi ukakaa sawa, tukavuka, na watu kumi na mmoja walinishukuru.

Nimetunza uwanja huu wa shabaha miaka kumi na minne. Watu wanasema napenda bastola. Nakaa nazo kwa sababu ni kitu pekee ninachokijua, na kwa sababu hapa, kila jioni, ninahesabu walioingia na waliotoka na hesabu inalingana. Sikuoa. Mwanamke mmoja alitaka, nikaona nitalazimika kumwambia.

Ulipouliza mara ya kwanza niliona haya. Mara ya pili niliogopa kwamba hutanipenda tena. Nikakuandikia habari za kiwiko. Kiki, wewe ni hodari na hilo ndilo linaloniua. Ngosa hakujua kulenga. Wewe utalenga na utapata, na utakayempata atabaki kwako. Commandant hatakwambia hayo kwa sababu labda yeye hajali, au anajali na anakunywa.

Usiende. Nidharau na usiende. Uza bastola, uichukie, uchukie jina langu, ukae mlangoni na shati lako lililonyooshwa mpaka uzee. Mimi nakukataza, kama Yama na kama mtu aliyefanya.

Chishimba


Lubumbashi, tarehe 16 Juni 2025

Chishimba,

Barua yako imefika Alhamisi tarehe 12. Kiki aliondoka Jumatatu, wiki ileile. Jumapili yote alikaa akitazama barabara, akaniuliza mara tatu kama Mama Mbambu amevuka. Alikuwa amevuka, mikono mitupu. Jioni akasema: "Basi Yama anakubali." Akaanza kufunga mfuko wake.

Nimeifungua na kuisoma. Sikuwa na haki, lakini mimi ndiye mama.

Kwa yule kijana wa majini sina la kusema. Nimemwombea, na wewe nimekuombea, kwa ugumu. Miaka hii yote nimemwambia mwanangu kwamba Yama wake hajawahi kumdhuru mtu. Ungeniambia mimi, ningekuchukua hivyohivyo, wewe ni wa tumbo moja na mimi. Ulichagua tukupende kwa uongo, na mtoto amelipa.

Barua ilikuwa na siku sita za kufika. Ulizitumia kutafuta namna ya kuonekana vizuri kidogo ukisema jambo baya. Nakuandikia haya kwa hasira na sitayafuta.

Nimempa padri wa jeshi barua yako ampelekee, anasema zinafika zikipenda. Bastola yenu imebaki kwa Clément. Alikuja kunipa pole, akasema lilikuwa chaguo zuri.

Usiniandikie kwa sasa.

Marie-Thérèse


Mashariki, tarehe 30 Agosti 2025

Yama,

Padri amenipa barua yako tarehe 20 mwezi huu. Imelowa lakini inasomeka. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa zamu.

Jambo langu lilitokea tarehe 6.

Nitaandika haraka. Tulikuwa tunalinda njia panda. Mtu akatokea ng'ambo anavuka barabara, amebeba kitu kirefu begani. Mkubwa wetu akasema ni mpiganaji, ni bomba la kurushia makombora amebeba, nani anaweza kumpata kutoka hapa. Wote wakanitazama, kama walivyokutazama wewe. Nilifanya kila kitu ulichonifundisha. Miguu, pumzi, kidole nje mpaka mwisho, macho kwenye kilengeo cha mbele. Risasi moja. Wenzangu walinipigia makofi.

Lilikuwa godoro, Yama. Godoro la sponji limekunjwa na kufungwa kamba. Alikuwa anahama nyumba.

Sikulaumu. Nikiandika hivyo nakulaumu, halafu inapita, halafu inarudi. Barua yako ilikuwa nzuri. Ingefika Jumapili ile ningebaki, nakwambia kweli, nilikuwa natafuta mtu mmoja tu wa kunizuia.

Sasa wamenipa cheo kidogo na kila kazi ya mbali wananiita mimi. Ukiandika usinieleze habari za silaha. Niambie kitu kimoja. Inaisha lini? Wewe umeishi nalo miaka ishirini na minne, lazima unajua.

Na Mama asijue. Akijua siwezi tena kuingia nyumba ile na kula mkononi mwake. Niahidi.

Kiki


Lubumbashi, Bel-Air, tarehe 21 Septemba 2025

Kiki,

Haiishi. Umeuliza wazi, nami sitazunguka tena. Zipo siku inakaa kimya, hata wiki, unacheka na watu, halafu unasikia jina la kawaida kama Mwenya likiitwa sokoni na unasimama huwezi kwenda. Kulewa hakusaidii, nimejaribu. Kunyamaza ndiko kulikoniumiza zaidi, kuliko kile kitendo chenyewe, kwa sababu kitendo kilikuwa cha dakika moja na kunyamaza kulikuwa kwa kila siku.

Utaona nimeandika nikiwa kwenu. Nimevuka Mokambo Jumanne, mara ya kwanza tangu nilipotoka. Niliogopa wataniuliza mambo ya zamani. Yule wa mpaka alikuwa kijana kama wewe, alipiga muhuri bila kuniangalia.

Sasa unichukie. Nimemwambia mama yako. Barua yako ilisema asijue, na mimi nilikaa nayo siku moja tu, nikaona nimeshika tena kalamu ya kuandika habari za kiwiko. Nikamletea. Mwanzoni hakutaka kunifungulia. Nilikaa kwenye ngazi mpaka mama yake Ngosa akamwambia anifungulie.

Alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto. Nilimsomea barua yako yote, na godoro. Aliendelea kusahihisha mpaka mwisho wa daftari lile, akaandika alama, akalifunga. Akaniuliza kama yule mtu alikuwa na watoto. Nikasema barua haisemi. Hapo ndipo alipolia, na alilia sana, sitakuficha. Mimi nilikaa palepale. Sikujua la kufanya na mikono yangu.

Najua jeshi halimwachilii mtu kwa sababu mama yake analia. Nimekwenda kwa Commandant Dédé, nimekwenda ofisi mbili, kesho nakwenda ya tatu, na mpaka sasa kila mmoja ananiambia ulikwenda kwa hiari na ruhusa ya ukoo ipo kwenye faili. Wananionyesha saini yangu na kidole gumba changu. Sina matumaini ya kukupa. Nitaendelea kwenda tu.

Nilimwambia mama yako unaogopa kuingia nyumba hii. Alifuta macho kwa kiganja, akaniambia niandike hili na nisiongeze neno langu:

"Umuambie arudie nyumbani vile yeye iko."

Yama wako,
Chishimba